UZI: Kabla hujaandika "misuli ya moyo imedhoofika" kwa kichanga, tafuta koronari ya kushoto inaanzia wapi

Tabibu_wa_Vichanga (mwanzisha uzi)

Wakuu, huu uzi ni wa matabibu na wauguzi wa wodi za watoto, wapimaji wa eko (kipimo cha moyo kwa mawimbi ya sauti), na wazazi ambao mtoto wao wa miezi miwili au mitatu ameambiwa moyo umetanuka na misuli imechoka. Ndani ya kundi hilo wamo wachache ambao misuli yao haina ugonjwa wake yenyewe. Inanyimwa damu, kwa sababu mshipa unaoilisha umechomoza mahali pasipo pake. Hawa wanatibika kwa upasuaji. Wakiachwa na dawa za kukojoza maji peke yake, wengi hawamalizi mwaka wa kwanza.

Kwa kawaida koronari zote mbili, ya kulia na ya kushoto, yaani mishipa inayolisha misuli ya moyo, huchomoza kwenye aota, mshipa mkubwa unaotoa damu moyoni kwenda mwilini, juu kidogo tu ya vali yake. Ya kushoto ndiyo inayobeba mzigo mkubwa, inalisha sehemu kubwa ya ukuta wa ventrikali ya kushoto, yaani pampu inayosukuma damu mwili mzima. Katika hitilafu ninayoizungumzia, koronari hiyo imechomoza kwenye ateri ya mapafu, mshipa unaopeleka damu mapafuni. Kwa kifupi cha Kiingereza inaitwa ALCAPA. Vitabuni utaikuta pia kwa majina ya Bland, White na Garland, walioieleza mwaka 1933. Inampata takriban mtoto 1 kati ya 300,000 wanaozaliwa.

Sasa, kwa nini mtoto anazaliwa mzima, analia vizuri, anapata uzito, halafu anaporomoka baada ya wiki kadhaa? Tumboni mwa mama presha ya ateri ya mapafu na ya aota zinakaribiana, na oksijeni ya damu ya pande zote mbili haipishani sana. Koronari ikichomoza huku au kule, misuli inashiba. Baada ya kuzaliwa mapafu yanafunguka, na presha upande wa mapafu inashuka hadi kufikia kiwango cha chini ndani ya wiki 6 hadi 8. Hapo koronari ya kushoto inabaki imechomekwa kwenye bomba lenye presha ndogo na damu yenye oksijeni kama asilimia 70 hivi. Presha hiyo haitoshi kuisukuma damu ndani ya ukuta mnene wa ventrikali ya kushoto.

Halafu linakuja la pili, na hili ndilo baya zaidi. Koronari ya kulia, yenye presha ya aota, hujaribu kusaidia kupitia vijia vidogo vinavyoiunganisha na ya kushoto. Damu ikifika upande wa kushoto inakuta njia mbili: iingie kwenye misuli, au irudi kinyumenyume hadi kwenye ateri ya mapafu ambako presha ni ndogo. Inachagua njia rahisi. Huu ndio wizi wa damu. Sabiston, Neill na Taussig wa Johns Hopkins walionyesha mwaka 1960 kwamba damu kwenye mshipa huu inakwenda kinyume.

Ventrikali ya kushoto inatanuka, misuli inayoshika kamba za vali ya mitrali (mlango wa kuingilia ventrikali ya kushoto) inakufa sehemu, vali inavuja, na moyo unazidi kujaa. Nakaribisha maswali, na wapimaji waliomo humu waongezee.

---

Muuguzi_Zamu_ya_Usiku

Asante daktari. Sisi wa wodini tunamwona mtoto kabla ya kipimo chochote. Tumtambueje? Maana akina mama wengi wanakuja wakisema mtoto ana chango.

---

Tabibu_wa_Vichanga

Swali zuri sana dada, kwa sababu ni kweli, wengi hutibiwa chango au nimonia kwanza.

Kaa na mama mtoto akiwa ananyonya, usiulize tu. Mtoto huyu anashika titi kwa njaa, ananyonya dakika moja au mbili, anaachia ghafla. Analia kilio cha maumivu huku akikunja miguu, anapauka midomo na uso, jasho linamtoka kwenye paji la uso na kichwani ingawa chumba si cha joto, anapumua haraka. Anatulia, anajaribu tena, yanajirudia. Kunyonya ni kazi ngumu kuliko zote kwa mtoto wa umri huo. Moyo unadai damu zaidi na hakuna. Kwa mtu mzima tungesema kifua kinambana.

Chango halimtoi mtoto jasho la kichwa kila anaponyonya. Halimfanyi ini livimbe, na halimzuii kuongezeka uzito. Ukikuta ini limeshuka sentimita 3 chini ya mbavu, mapigo ya moyo zaidi ya 160 akiwa ametulia, na uzito umesimama wiki mbili, acha habari ya chango. Na usisubiri kusikia sauti ya ziada kifuani. Wengine hawana kabisa, au wana ile ya vali ya mitrali inayovuja tu.

Akipigwa picha ya kifua kwa kudhaniwa nimonia, angalia ukubwa wa moyo kabla ya kuangalia mapafu.

---

Kisanduku_Kidogo

Niongezee ya ECG, kipimo cha umeme wa moyo, kwa sababu ni kipimo cha bei ndogo na hospitali nyingi za wilaya zinacho.

Tafuta mawimbi ya Q (mchoro wa kwanza unaoshuka chini kabla ya ule mrefu) kwenye lidi, yaani mistari ya kipimo, I na aVL, na kwenye V4 hadi V6. Si kila Q ni mbaya, watoto wana Q ndogo za kawaida. Ninazozitafuta ni zenye kina cha zaidi ya milimita 3 na upana wa zaidi ya milisekunde 30. Karatasi ikienda kwa kasi ya kawaida ya milimita 25 kwa sekunde, kisanduku kidogo kimoja ni milisekunde 40, kwa hiyo Q inayokaribia kujaza kisanduku kimoja kwa upana inatosha kukushtua. Mara nyingi ST na T (sehemu za mchoro zinazofuata) za lidi hizo nazo zimeharibika.

Kosa linalofanyika sana ni kubadilisha waya za mikono. Lidi I ikigeuka juu chini, unaweza kuunda Q ambayo haipo au kuficha iliyopo. Ukiona P (wimbi la kwanza kabisa) ya lidi I imeelekea chini, rudia kipimo kabla ya kusoma lolote.

ECG isiyo na Q haimwondoi mtoto kwenye orodha. Inamsogeza nyuma kidogo tu.

---

Mpima_Eko_Pwani

Nimesubiri zamu yangu. Wapimaji wenzangu, hapa ndipo tunapowaangusha watoto hawa bila kujua, na nitaeleza taratibu.

Hitilafu ya kwanza ni kuridhika na picha ya rangi nyeusi na nyeupe. Kwenye mkato mfupi wa pembeni mwa mfupa wa kifua, unaona aota ya mviringo katikati, na pembeni yake kijia cheusi kinachoonekana kutoka aota kuelekea kushoto. Unaandika "koronari ya kushoto iko sawa". Kumbe kile kijia ni nafasi ya kawaida kwenye mfuko wa moyo nyuma ya aota, au ukuta umepotea kwenye picha kwa pembe mbaya ya mawimbi, na koronari yenyewe inapita karibu sana na aota bila kuungana nayo. Picha hiyo imewadanganya hata wenye uzoefu.

Kwa hiyo weka rangi (Dopla, inayoonyesha damu inakokwenda), na kabla hujaweka, shusha kipimo cha kasi kifike kati ya sentimita 20 na 40 kwa sekunde. Ukiacha kwenye 70 au 80 ya kuangalia vali, mtiririko wa koronari hauonekani kabisa. Punguza kisanduku cha rangi kiwe kidogo ili picha ziwe nyingi kwa sekunde. Tumia probu ya masafa ya juu. Kwa kichanga megahezi 8 hadi 12. Mtoto alale au atulizwe, kwa sababu mtoto anayelia hana koronari za kupima.

Kisha jiulize jambo moja: wakati moyo umelegea, damu kwenye tawi la mbele la koronari ya kushoto inaelekea wapi? Kwa mtoto wa kawaida inatoka kwenye aota kwenda nchani mwa moyo. Kwa mtoto wa ALCAPA ambaye vijia vya msaada vimeshafunguka, inatoka nchani kurudi nyuma. Fuata mshipa huo hadi ateri ya mapafu uone kijito cha rangi kikimwagikia ndani yake wakati moyo umelegea. Ukikiona, umemaliza kazi.

Mambo mengine ya kunasa. Koronari ya kulia inakuwa nene kwa sababu inalisha moyo mzima. Pima kipenyo chake ugawe kwa kipenyo cha pete ya vali ya aota. Ikizidi 0.14, shtuka. Misuli ya vali ya mitrali inang'aa nyeupe kuliko jirani zake, hiyo ni kovu. Na kwenye ukuta kati ya ventrikali mbili utaona vitone vingi vya rangi. Usiviandike kuwa ni matundu madogo. Tundu la ukuta linapitisha damu hasa wakati moyo unaminya. Hivi vya msaada vinaonekana wakati moyo umelegea. Weka mstari wa Dopla juu yake uangalie wakati kabla ya kutoa jina.

---

Mwanafunzi_Mwaka_wa_Nne

Wakuu, kwenye moyo ulioshindwa tunafundishwa oksijeni, furosemaidi (ya kukojoza maji), kaptopril (ya kushusha presha). Hapa kuna tofauti?

---

Usingizi_na_Pumzi

Ipo, na ni ya kuokoa maisha.

Oksijeni nyingi inalegeza mishipa ya mapafu. Presha upande wa mapafu inashuka zaidi, na wizi wa damu unaongezeka. Vivyo hivyo ukimpumulisha mtoto kwa mashine haraka mno hadi kaboni dayoksaidi ikashuka. Mpe oksijeni ya kutosha tu kuondoa upungufu, usimwache kwenye asilimia 100 kwa mazoea. Ukimweka kwenye mashine, acha kaboni dayoksaidi iwe ya kawaida, milimita 40 hadi 45 za zebaki. Nieleweke vizuri: mtoto mwenye saturesheni (kiwango cha oksijeni kwenye damu) ya chini anapewa oksijeni. Ninachokataa ni ile ya ziada isiyo na sababu.

Furosemaidi miligramu 1 kwa kilo ni sawa mapafu yakijaa. Kaptopril na zile zinazoshusha presha ya mwili ziende kwa tahadhari kubwa, kwa sababu koronari ya kulia inalisha moyo mzima kwa presha ya aota ya wakati moyo umelegea. Ukiishusha, umemkatia chakula kilichobaki.

Kuna mtego mwingine. Mtoto mwenye ALCAPA akiwa pia na tundu kubwa kati ya ventrikali, au ule mshipa wa kichanga kati ya aota na ateri ya mapafu haujafunga, presha ya mapafu inabaki juu na koronari inaendelea kulishwa. Anaonekana hana shida ya misuli. Siku anapozibwa tundu au mshipa huo, presha inaanguka na moyo unasimama mezani au usiku ule. Kabla ya kuziba chochote, koronari zote mbili ziwe zimeonekana.

---

Pampu_na_Nyuzijoto

Upande wa chumba cha upasuaji niwe mfupi, ingawa mambo ni mengi.

Siku hizi koronari inahamishwa. Inakatwa pamoja na kipande cha ukuta wa ateri ya mapafu kinachoizunguka, kama kifungo cha shati, inafunguliwa kutoka kwenye tishu zilizoishika ili isivutwe, kisha inashonwa kwenye aota. Tundu lililobaki kwenye ateri ya mapafu linazibwa kwa kiraka, mara nyingi cha mfuko wa moyo wa mtoto mwenyewe. Ikiwa imechomoza upande wa mbali isifike, njia ya Takeuchi ya mwaka 1979 inatengeneza handaki ndani ya ateri ya mapafu. Handaki hilo baadaye huweza kuvuja au kubana njia ya kwenda mapafuni, ndiyo maana watu hupendelea kuhamisha. Zamani mshipa ulifungwa tu kwa uzi ili kukomesha wizi. Mtoto akabaki na koronari moja, na hilo limeachwa.

Kwa mwendesha pampu kuna jambo la kutosahau. Mara tu mashine ya moyo na mapafu inapoanza, ateri ya mapafu inakuwa tupu na damu ya koronari inamwagika humo. Matawi ya kulia na kushoto ya ateri ya mapafu yabanwe kwa kamba wakati huohuo. Na dawa ya kusimamisha moyo ukiipeleka kwenye aota peke yake bila kubana matawi hayo, inapita kwenye vijia vya msaada na kutokea mapafuni. Ukuta wa kushoto haupati kinga na moyo hauamki. Ndiyo maana wengi huipeleka pia kupitia ateri ya mapafu. Ventrikali ya kushoto iwekewe mrija wa kuinyonya isitanuke.

Moyo wenyewe ukifunguliwa kifua unajieleza: koronari ya kulia imevimba na kupindapinda kama mzizi, na ukuta wa kushoto umepauka, umelegea, haukunji vizuri.

Baada ya hapo ventrikali haiamki siku hiyohiyo. Milrinoni na adrenalini kidogo za kuupa moyo nguvu, kifua kuachwa wazi siku moja au mbili, na penye ECMO (mashine ya kusaidia moyo na mapafu kwa siku kadhaa) iwe tayari. Vali ya mitrali mara nyingi haiguswi. Inapungua kuvuja yenyewe misuli ikipata damu. Ventrikali nyingi zinarudi ndani ya miezi, hadi mwaka. Moyo uliodhoofika sana si sababu ya kumnyima mtoto upasuaji.

---

Mama_Mwanaidi

Samahani wataalamu. Mtoto akiambiwa ana "fistula ya koronari" ndiyo hii hii? Jina limetuogopesha, maana fistula tunayoijua sisi ni ya uzazi.

---

Tabibu_wa_Vichanga

Pole mama, na uliza bila kuomba samahani. Fistula maana yake ni njia isiyostahili kuwepo kati ya sehemu mbili za mwili. Ya uzazi ni kati ya uke na kibofu au njia ya haja kubwa. Hii ya moyo haihusiani nayo kabisa.

Hapa koronari imeanzia mahali pake sahihi kwenye aota, lakini mwisho wake, badala ya kugawanyika ndani ya misuli, umetoboka kuingia kwenye chumba cha moyo au mshipa mkubwa. Zaidi ya asilimia 90 zinamwaga upande wa kulia: ventrikali ya kulia, atiria ya kulia, au ateri ya mapafu. Nyingi ni ndogo, zinagunduliwa kwa bahati kwenye eko, hazina dalili, na baadhi hujifunga zenyewe. Hizo hufuatiliwa tu.

Kwa hiyo umwulize daktari haya: Inaanzia koronari ipi? Inamwagia wapi? Je, ni kubwa kiasi cha kutanua mshipa au chumba cha moyo? Majibu hayo yanaonyesha njia.

---

Katheta_na_Waya

Niendelezee hapo daktari alipoishia.

Fistula kubwa inaleta mambo matatu: damu nyingi kupita mapafuni bila sababu, misuli iliyo mbele ya njia ile kukosa damu mtoto akikimbia, na vijidudu kuota pale inapomwagikia. Inasikika kama mngurumo usiokatika, unaofanana na ule wa mshipa wa kichanga usiofunga. Ule wa mshipa wa kichanga unasikika zaidi chini ya mtulinga wa kushoto, ule mfupa wa juu ya kifua. Huu mara nyingi uko chini zaidi, pembeni mwa mfupa wa kifua. Wamechanganywa tangu zamani: Björck na Crafoord wa Uswidi, waliofanya upasuaji wa kwanza ulioripotiwa mwaka 1947, walidhani wanakwenda kufunga mshipa wa kichanga.

Kubwa inazibwa hata kama mtoto hana dalili. Ndogo au ya wastani inazibwa ikileta dalili au ikionekana misuli inakosa damu. Ikiwa na mdomo mmoja wa kutokea na katheta inafika, tunaziba kwa koili (waya uliosokotwa) au plagi (kizibo) bila kufungua kifua.

Kanuni ni kuziba mwisho kabisa, karibu na mdomo wa kutokea. Matawi yanayolisha misuli yanachipuka njiani. Ukiziba mapema mno umeyaziba nayo na umemletea mtoto shambulio la moyo. Kwa hiyo tunaweka puto mahali tunapotaka kuziba, tunalijaza, tunasubiri dakika 5 hadi 10 tukitazama ST kwenye kioo, na tunapiga picha ya matawi. ST ikinyanyuka, puto linatolewa na tunatafuta mahali pengine.

Kazi haiishii hapo. Mshipa uliokuwa mpana kama kidole sasa hauna pa kumwaga, damu inatembea polepole ndani yake na inaweza kuganda kurudi nyuma hadi kwenye matawi mazuri. Aspirini miligramu 3 hadi 5 kwa kilo kwa siku hutolewa, na kwa mishipa iliyotanuka sana huongezwa ya kuzuia kuganda kama warfarini. Mzazi asiache dawa kwa sababu mtoto anacheza vizuri.

---

Mpima_Eko_Pwani

Kuna aina moja ya tatu isisahaulike. Mtoto ambaye vali ya mapafu imeziba kabisa na hana tundu kati ya ventrikali. Ventrikali yake ya kulia ni ndogo, presha yake iko juu kuliko ya aota, na imejitoboa njia hadi kwenye koronari. Wengine sehemu ya misuli yao inategemea presha hiyo. Ukifungua vali kwa nia njema, presha inashuka na misuli inakufa. Koronari zipigwe picha kwa katheta kabla ya kuamua kufungua.

---

Muuguzi_Zamu_ya_Usiku

Na watu wazima? Na rufaa ya mtoto iandikwe vipi isikae?

---

Tabibu_wa_Vichanga

Watu wazima wenye ALCAPA wapo: wale wachache ambao vijia vya msaada vilikua mapema na vingi. Huonekana na mngurumo usiokatika, kuchoka, vali ya mitrali inayovuja, au kifo cha ghafla. Wao nao hufanyiwa upasuaji hata wakijisikia vizuri. Mishipa inayokosekana au inayopita vibaya huweza kukaa kimya miaka mingi: Pete Maravich, mchezaji wa mpira wa kikapu wa Marekani, alianguka na kufa akicheza mwaka 1988 akiwa na miaka 40, na uchunguzi wa maiti ukakuta hakuwa na koronari ya kushoto tangu kuzaliwa.

Kuhusu rufaa: andika "moyo umetanuka, umri miezi mitatu, jasho na kupauka wakati wa kunyonya, Q kwenye I na aVL, chanzo cha koronari ya kushoto hakijaonekana". Maneno hayo ya mwisho ndiyo yatakayomfanya mpimaji wa Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete hapo Dar, au Uganda Heart Institute kwa walio Kampala, ashushe kipimo cha kasi na kutafuta. Ambatanisha karatasi halisi ya ECG, si maelezo yake tu. Eko isipotoa jibu, ombeni CT ya mishipa yenye dawa ya kuonyesha damu.

Na ripoti ya eko ya kila kichanga mwenye moyo uliotanuka iwe na mstari huu, ujazwe kwa mkono: "Koronari ya kushoto: chanzo kimeonekana aota / ateri ya mapafu / hakijaonekana. Mwelekeo wa damu moyo ukiwa umelegea: mbele / nyuma / haujapimwa." Ikijazwa "hakijaonekana" na "haujapimwa", mtoto huyo bado hana jina la ugonjwa, na arudiwe kipimo wiki hiyohiyo.